Titani inayeyuka, almasi inavuja: chumba cha fyusheni nikijengee nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Igoma, Mwanza. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM, nasubiri chuo, na muda mwingi nacheza The Powder Toy kwenye kompyuta ya kaka yangu. Nataka kujenga chumba cha kufanyia fyusheni ya haidrojeni, yaani kuziunganisha chembe zake ziwe kitu kingine na kutoa nishati. Nikikijenga kwa titani, kinayeyuka. Nikikijenga kwa tungsteni, kinasambaratika hata kabla hakijapata moto. Nikikijenga kwa almasi hakiyeyuki wala hakivunjiki, lakini fyusheni inawaka kidogo halafu inazimika yenyewe. Matofali ndiyo usiseme. Ni kitu gani hasa kinafaa? Na hao wanaojenga mitambo ya kweli wanatumia nini, maana nasikia humo ndani joto linafika nyuzi milioni 150? Halafu nataka kuandika elementi yangu mwenyewe, yaani aina mpya ya kitu cha mchezoni, kwa Lua, lugha ya programu ambayo mchezo unaikubali: udongo wa kichuguu kama wa wahunzi wa zamani wa Kagera. Niupe namba gani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumaliza. Vyumba vyako vyote vilikuwa na haki kwa sehemu. Titani ilifanya kinachotakiwa ifanye, tungsteni ilionyesha tabia yake ya kuzaliwa, na almasi haikukuangusha hata kidogo. Ila kila mmoja ulimbebesha mizigo ya wenzake wote.

Mimi riziki yangu inatoka kwenye matanuru: kuyapanga matofali ya ndani, kuyabomoa yakichoka, kuyapanga tena. Mteja akija, swali lake la kwanza huwa lile lile: kuna tofali gani lisiloungua? Nami humuuliza, joto likishalifikia hilo tofali, umelipangia liende wapi? Wengi hawajalifikiria. Chumba cha fyusheni, kiwe cha kwenye skrini au cha kweli, kinasimama au kuanguka kwa jibu la swali hilo.

Tuanze na mchezo, kwa kuwa ndiko ulikokwama. Kwa wasomaji wasioufahamu: The Powder Toy ni mchezo wa bure, programu yake iko wazi kwa yeyote kuisoma, na unachezwa kwenye uwanja wa pikseli 612 kwa 384. Kila pikseli inaweza kuwa chembe ya kitu fulani: maji, mchanga, chuma, gesi. Kila chembe ina joto lake, na hewa ina mgandamizo wake. Joto haliwezi kupita nyuzi 9725.85 za Selsiasi, na mgandamizo hauwezi kupita 256. Mipaka hiyo miwili ishike, tutaihitaji.

Haidrojeni ya mchezoni huanza kuungana ikiwa na zaidi ya nyuzi 2000, na hapo hapo ilipo mgandamizo uwe zaidi ya 50. Kimoja kikikosekana hakuna kitu. Chembe inayoungana hugeuka gesi adimu, hutoa nyutroni, elektroni na mwanga, huacha plazma (gesi ya moto mno ambayo chembe zake zina chaji ya umeme), hujiongezea joto la nyuzi kati ya 750 na 1250 hivi, na huongeza mgandamizo wa 30 papo hapo. Titani inayeyuka kwenye 1668. Yaani kabla fyusheni haijaanza, ukuta wako umeshakuwa uji. Hilo unalijua kwa kutazama namba tu, hata kompyuta huna haja ya kuiwasha.

Tungsteni ni kisa kizuri zaidi. Kiwango chake cha kuyeyuka ni 3422, na hakuna metali inayoipita, mchezoni wala duniani. Ungedhani tumemaliza. Lakini waliouandika mchezo waliipa na ubaya wake wa kweli, wepesi wa kuvunjika. Tungsteni ya mchezoni huwa inalinganisha mgandamizo wa sasa na ule wa kitambo kidogo kilichopita. Tofauti ikizidi nusu tu, juu au chini, inageuka chenga za chuma. Sasa fyusheni ya chembe moja inaongeza 30. Ukuta wako haukufa kwa joto. Uliuawa na kishindo cha kwanza, ukiwa bado wa baridi, ndiyo maana ukaona unasambaratika mapema. Kwatzi nayo ina ugonjwa huo huo. Matofali hupasuka kuwa mawe mgandamizo ukikaribia 9. Umesema nisiseme, basi naishia hapo.

Almasi ndiyo inayowachanganya wengi. Haiyeyuki, haivunjiki, haiungui, hata ukiifikisha kwenye kikomo cha joto la mchezo. Kwa nini basi fyusheni inazimika? Kwa sababu mchezo unaihesabu hewa mbali na chembe. Mgandamizo unaishi kwenye miraba yake yenyewe, kila mraba pikseli nne kwa nne, na vitu vingi vigumu haviuzuii. Almasi inazizuia chembe za haidrojeni zisitoke, lakini mgandamizo unapita katikati yake kana kwamba hapana kitu. Unashuka chini ya 50, na haidrojeni yako, hata ikiwa na nyuzi 7000, inakaa tu kama gesi ya moto isiyo na kazi. Vinavyouzuia mgandamizo ni hasa kuta nyingi zilizo kwenye menyu ya kuta, pamoja na titani.

Hapo picha imekamilika. Anayelimudu joto haumudu mgandamizo, na anayeumudu mgandamizo halimudu joto. Waweke wote wawili, na katikati yao weka wa tatu asiyepitisha joto.

Ndani kabisa jenga tabaka la almasi, ambayo jina lake mchezoni ni DMND, unene wa pikseli mbili, na kona zake uzizibe vizuri kwa sababu chembe hupenya kwenye mshazari. Ulizungushie kihami, INSL, pikseli mbili au tatu. Upitishaji wake wa joto ni sifuri kamili, kitu ambacho hakuna fundi wa dunia hii aliyewahi kukiona, kwa hiyo kifurahie ukiwa humo. Udhaifu wake ni kwamba kinashika moto, na plazma ikikigusa kinateketea. Kisikae ndani hata siku moja. Nje ya kihami ndipo uweke titani, TTAN, nene, pikseli nne au zaidi, bila tundu popote. Titani sasa iko kwenye ubaridi wake, haitakaribia 1668, na inaubana mgandamizo wa chumba kizima kwa sababu almasi na kihami vinauruhusu upite hadi kwake. Jaza haidrojeni kabla ya kufunga. Oksijeni isibaki ndani, kwani haidrojeni itaungua nayo na utajikuta na maji. Funga, ndipo uwashe.

Kuna wanaoacha pengo tupu la pikseli moja badala ya kihami. Linafanya kazi, maana kwenye mchezo huu joto huhama kati ya chembe zilizogusana. Pasipo na chembe, joto halina njia. Ila ukiwasha mpangilio wa joto la hewa, pengo halikulindi tena, na gesi ikiponyoka kidogo ikaingia humo, imekuwa daraja. Mimi ningetumia kihami.

Nategemea utaniambia almasi ni kama udanganyifu. Wapo wachezaji wa msimamo huo na nawaheshimu. Kwao ipo seramiki, CRMC, inayoanza kuyeyuka baada ya nyuzi 2600, na kadiri inavyobanwa ndivyo kiwango hicho kinavyopanda. Kwa haidrojeni inaweza kukufaa, ukiwa mwepesi wa kulitoa joto. Lakini fyusheni ya mchezo huu haina adabu ya kuishia pale ulipoitaka. Gesi adimu uliyoitengeneza, ikipita nyuzi 5000 na mgandamizo 100, inaungana nayo na kuwa hewa ukaa. Hewa ukaa, ikipita 9500 na 200, inakuwa oksijeni. Oksijeni karibu kabisa na kikomo cha joto, mgandamizo ukizidi 250 na pakiwa na mvutano mkali wa graviti, inazaa chuma. Kila ngazi inamwaga nishati zaidi. Seramiki haifiki ngazi ya pili ikiwa hai. Kwa hiyo asiyetaka almasi afanye chumba kidogo, haidrojeni kidogo, na akubali kubomoa na kujenga upya, kama tunavyofanya sisi wa matanuru.

Na ukitaka umeme kutoka humo, kata dirisha dogo kwenye kihami, pitisha kipande cha almasi hadi kwenye maji, halafu hakikisha hakigusi titani. Umelichagulia joto njia. Ukisahau kulichagulia, litajichagulia.

Sasa duniani. Umesikia milioni 150, na namba hiyo ni ya kweli: ndilo joto la plazma lililokusudiwa kwenye mtambo wa fyusheni uitwao ITER unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa. Kiini cha jua kina kama milioni 15 tu. Jua lina uzito wake wa kuibana haidrojeni kwa mabilioni ya miaka. Sisi hatuna, kwa hiyo tunafidia kwa kuongeza joto. Usihangaike kutafuta kitu cha kuvumilia milioni 150. Kila kitu kilichoumbwa na atomu kinakuwa mvuke kabla ya nyuzi elfu kumi. Kabidi ya hafni na kabidi ya tantali, ambazo ni kati ya vitu vigumu kuyeyuka kuliko vyote tunavyovijua, zinakata tamaa kwenye 3900 hivi.

Kinachookoa ni mambo mawili. La kwanza ni kwamba plazma ile haigusi ukuta. Chembe zake zina chaji, na sumaku kali zinaziviringisha ndani ya chumba chenye umbo la duara lenye tundu katikati, wanachokiita tokamaki. Mchezoni kwako hakuna sumaku ya hivyo, ndiyo maana ulilazimika kutumia almasi. La pili linasahaulika: joto kali si lazima liwe joto jingi. Plazma ya ITER itajaza mita za ujazo zaidi ya 800, na fueli iliyomo humo kwa wakati mmoja haifiki gramu chache. Ni gesi nyembamba mno, nyembamba kuliko hewa unayovuta kwa zaidi ya mara laki moja. Ukiizima ghafla, haina uwezo wa kuyeyusha mtambo mzima. Inaweza kuunguza uso wa ukuta, na hilo ni hasara kubwa, lakini jengo litabaki.

Matatizo ya ukuta wa kweli yako kwenye kiasi cha nishati kinachotua juu yake kila sekunde. Chini ya chumba kuna sehemu inayoitwa daivata, ambako majivu ya fyusheni, yaani heli, pamoja na joto linalotoroka, huelekezwa ili vitolewe nje. Pale ITER imepangiwa kupokea megawati 10 kwa kila mita ya mraba, na hadi 20 kwa vipindi vifupi. Jua la saa saba mchana pale Kirumba, likiwa halina hata wingu, linakupa kama kilowati moja kwa mita ya mraba. Daivata inapokea mara elfu kumi ya hiyo, mfululizo.

Wameweka nini hapo? Tungsteni, ile ile iliyokupasukia. Na nyuma yake, milimita chache tu, bomba la aloi ya shaba lenye maji yanayokwenda kasi. Nataka utulie kidogo kwenye hilo la shaba. Shaba inayeyuka kwenye 1085, chini hata ya titani yako. Ukimwambia mtu wa mtaani kwamba mahali penye joto kuliko pote kwenye mtambo wa fyusheni pamejengwa kwa shaba, atakucheka. Lakini shaba ni bingwa wa kupitisha joto. Joto likitua kwenye tungsteni halipewi nafasi ya kujilimbikiza. Linavutwa kwenye shaba, linaingia kwenye maji, linaondoka. Tofali bora la kuhimili moto, kama lile la magnesia lenye kiwango cha 2852, ungeliweka hapo lingeharibika mara moja, kwa kuwa linalikumbatia joto. Uso wake ungefika kuyeyuka huku mgongo wake bado wa baridi. Kwenye tanuru langu nataka hivyo, nataka joto libaki ndani. Kwenye daivata ni kinyume.

Na ule wepesi wa kuvunjika? Wahandisi wanaujua. Tungsteni inakuwa kavu kama chungu ikiwa chini ya nyuzi mia kadhaa, na inapopashwa na kupoa mara nyingi hutoa nyufa. Dawa waliyotumia ni kutoijenga kama bamba moja kubwa. Wanaikata vijitofali vya sentimita chache, kila kimoja kimetobolewa katikati ili bomba lipite, na kati ya kimoja na kingine kuna mwanya mwembamba wa kuruhusu kutanuka.

Kwa nini mwanya ni muhimu, hilo mtu wa Mwanza hahitaji kusomea. Umewaona wapasua mawe kwenye vilima vya kwetu. Jiwe likiwagomea nyundo, wanawasha moto juu yake, wanalichoma kwa saa kadhaa, na linapasuka. Granaiti inahitaji zaidi ya nyuzi 1200 kuyeyuka, na moto ule wa kuni haufiki huko. Jiwe linapasuka kwa sababu ngozi yake imetanuka na tumbo lake halijapata habari. Kwenye 573, kwatzi iliyomo ndani hubadilisha mpangilio wake na kuvimba ghafla, basi nyufa zinaongezeka. Jiwe kubwa ndilo linaloteseka zaidi. Kokoto ukiitupa kwenye moto huo huo ina nafasi nzuri ya kutoka salama. Anayepanga ukuta wa tanuru bila kuacha nafasi za kutanuka anajipangia kazi ya kuubomoa, na nimeitwa kubomoa kuta za namna hiyo nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kabla ya tungsteni, watu walipenda kaboni. Grafaiti haiyeyuki kwa mgandamizo wa kawaida, inageuka mvuke moja kwa moja kwenye nyuzi 3600 hivi, na atomu zake zikidondokea kwenye plazma hazileti madhara makubwa. Mtambo wa JET pale Culham, Uingereza, ulikuwa na kuta za kaboni kwa miaka mingi. Kasoro yake ni kwamba kaboni na haidrojeni ni marafiki wa kufa na kuzikana. Kaboni iliyomomonyoka inatua pembeni ikiwa imeshikana na triti, ile haidrojeni nzito yenye mnururisho inayotumika kama fueli, na fueli ambayo ni adimu na ya hatari inabaki imenasa ukutani. Mwaka 2011 JET ilianza kazi na ukuta mpya wa berili, metali nyepesi, na tungsteni. Ni mtambo huo, na ukuta huo, uliotoa megajuli 59 katika jaribio moja mwaka 2021, kisha 69 mwaka 2023 kabla haujafungwa. ITER nayo ilikusudia berili kwenye kuta zake za juu, halafu ikaamua kuhamia tungsteni humo pia. Berili inayeyuka kwenye 1287, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu, kwa hiyo uamuzi huo mimi naukubali.

Tungsteni haikuja bila bei yake. Atomu yake ina elektroni 74, na ikiingia katikati ya plazma inang'aa kwa miale inayoiba joto. Zikiwa atomu chache tu katika kila laki moja, moto wako umepoa. Ukuta unaweza usiyeyuke kabisa na bado ukakuzimia fyusheni. Hata hivyo kazi inasonga: Februari 2025, mtambo wa WEST wenye kuta za tungsteni, nao uko Cadarache, uliishikilia plazma kwa sekunde 1337.

Nyutroni ni habari ndefu, nitaigusa tu. Hazina chaji, sumaku hazizioni, na kila moja inatoka na nishati ya elektronivolti milioni 14.1. Zinapita tungsteni, zinapita shaba, zinasukuma atomu za chuma kutoka kwenye viti vyake na kukifanya kikakamae mwaka baada ya mwaka. Nyingine zinaigeuza tungsteni yenyewe kuwa metali nyingine, reni na osmi. Nyuma ya ukuta wa mitambo ya baadaye patawekwa metali nyepesi ya lithi, ili nyutroni zikiipiga zizae triti mpya. Ukisomea uhandisi wa malighafi, hapo ndipo penye kazi ambayo haijamalizika.

Tena utapenda kujua kwamba lile pengo tupu la pikseli moja lipo duniani pia. Sumaku za ITER lazima zikae kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri ili nyaya zake zisiwe na ukinzani wa umeme, na ziko mita chache kutoka kwenye ile milioni 150. Kinachozitenga ni ombwe pamoja na ngao za baridi. Ngao zinahitajika kwa sababu huku kwetu joto linavuka ombwe kwa njia ya mionzi. Mchezo wako haulijui hilo.

Sasa kichuguu chako. Nimefurahi umekitaja, kwani ng'ambo ya pili ya ziwa hili wapo mafundi waliolielewa jambo hili mapema sana. Wahaya walifua chuma zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Mabaki yake yamechimbwa Katuruka na kwingineko Kagera. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science juu ya tanuru walizozichunguza na ambazo wazee waliwajengea upya. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani, yaani takataka ngumu zinazobaki chuma kikishayeyushwa, na mirija ya udongo ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa, katikati ya mkaa, ili hewa ipate moto kabla ya kufika kwenye mkaa unaowaka. Schmidt na Avery walisema joto kwenye midomo ya mirija lilipita 1800, na wataalamu wengine wamebishana nao tangu hapo kuhusu maana ya hewa hiyo ya moto. Kwetu sisi wa kuta, la kuangalia ni hili: udongo ule haukuweza kuhimili joto hilo, na haukutakiwa. Ncha za mirija ziliyeyuka taratibu na kuingia kwenye mavi ya chuma, tanuru ikabomolewa baada ya kazi, kesho ikajengwa nyingine. Ukuta ulioruhusiwa kuliwa, mradi uliwe polepole kuliko kazi inavyokwisha.

Kwenye Lua, nakili sifa zote za tofali, BRCK, kwenye elementi yako mpya, halafu ubadilishe chache. Upitishaji wa joto, HeatConduct, kwenye vitu vigumu vingi vya mchezo uko karibu na 250. Wako upe 40, kwa sababu udongo uliochanganywa na nyasi huwa na vitundu vingi. Mgandamizo wa kuvunjika uuache kama wa tofali, usiupendelee. Kikiyeyuka kiwe lava. Na kiwango cha kuyeyuka ningekipa nyuzi 1500. Udongo safi wa kaolini ungestahili zaidi, lakini vichuguu vyetu vyekundu vina chuma ndani yake, na chuma hukishusha kiwango hicho. Ila HighTemperature inaandikwa kwa Kelvini, kwa hiyo weka 1773.15. Ukiandika 1500 kavu, kichuguu chako kitayeyuka kwenye 1227, nyuzi 273 hivi chini ya ulichokusudia.